HUKUMU YA PUNDA ALIYETUPWA NA MALEZI YAKE NYUMBANI

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jueni, enyi ndugu, ya kuwa farasi hana makazi katika bonde la Kilombero. Mbung'o humtia maradhi ya nagana akafa. Mwaka 1916, Waingereza walipoiingia nchi hii iliyokuwa chini ya Wadachi, farasi wao walikufa kwa maelfu kwa maradhi. Punda huvumilia zaidi, ijapokuwa naye hasalimiki, na wafugaji waliohamia bondeni walikuja naye.

Basi akiuliza mwenye kuuliza: Mimi nakaa Kibaoni, penye Ifakara. Nimemkuta punda kando ya njia, mgongo una donda la mzigo, mbavu zahesabika, na mwenyewe amemwacha akaenda zake. Je, nimchukue? Na nikimchukua, ni wangu?

Jawabu: Kumchukua kwa kumhurumia ni kheri. Khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila ya chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, mwazijua nyote. Lakini mas'ala yenyewe huanza mnyama akisha kuingia uani.

Imam Ahmad alisema mnyama aliyetupwa na wenyewe mahali pa kuangamia ni wa yule aliyemhuisha, na hoja yake ni hadithi iliyomo katika Abu Daud. Sisi Mashafii hatusemi hivyo. Mnyama hubaki mali ya mwenyewe, na ulichotumia bila ya idhini yake au ya kadhi ni kujitolea kwako. Huna la kumdai. Basi asimchukue mtu kwa tamaa ya punda wa bure! Mpashe khabari mwenyekiti wa mtaa na bwana mifugo, ushuhudishe watu wawili, utangaze. Mwenyewe akija akamkuta amenenepa, akamtaka, mrudishie. Ni uchungu, lakini ndiyo haki. Na madamu umemfunga kwako, akifa kwa njaa dhamana ni juu yako.

Mwenye ng'ombe akishindwa kumlisha huamriwa alishe, auze au achinje. Punda wa mjini nyama yake ni haramu, kwa hivyo mlango wa tatu umefungwa. Na mlango wa kuuza nao una fitina katika zama hizi, kwani ngozi ya punda hutakiwa China kwa dawa iitwayo ejiao. Umoja wa Afrika uliipinga biashara hiyo mwezi wa Februari 2024, ukakataza kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Mnunuzi usiyemjua, ajaye usiku na gari, usimpe mnyama.

Ama malezi, huruma isiyo na ujuzi huua. Aliyekondeshwa na njaa usimjazie pumba wala mahindi siku ya kwanza. Mpe majani makavu, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na maji safi wakati wote. Zidisha polepole kwa muda wa siku kumi au zaidi. Donda usilipake oili chafu ya gari, kama wafanyavyo wengi. Lioshe kwa maji ya chumvi, wala usimbebeshe kitu mpaka ngozi izibe. Kwato zake zimeumbwa kwa nchi kavu, na Ifakara wakati wa masika ni tope tupu. Mjengee kibanda mahali palipoinuka. Akiwa na homa ijayo na kuondoka, akakonda hali anakula, mwite bwana mifugo upesi, kwani nagana ina dawa ya sindano. Wala asikae peke yake. Akikosa punda mwenziwe, mbuzi atamfaa.

Watu wa Lamu wayajua haya, kwani kwao ilifunguliwa hospitali ya punda mwaka 1987, wakatibiwa humo bila ya malipo.

Na ikiwa amepona, mwenyewe hakutokea, nawe huwezi tena kumlisha, mpeleke kwa kadhi au anayesimama mahali pake, akuamulie nani amchukue. Usimuuze kwa siri ukatia fedha mfukoni. Wallahu aalam.