SOMO: MUUGUZI NA MFAMASIA KATIKA KUSIMAMIA DAWA ZA KISUKARI



Mkaguzi wa ushirika hulinganisha daftari la ghala na daftari la fedha, kwa kuwa kosa lililojificha katika moja hufichuka katika jingine. Kanuni hiyo hulinda pia uhai wa mgonjwa wa kisukari.

Nchini Marekani, mwaka 1965, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo ya kuwapa wauguzi uwezo wa kupima na kutibu. Siku hizi wauguzi wa daraja hilo huandika dawa, ingawa katika baadhi ya majimbo sharti wawe na makubaliano na daktari.

Muuguzi hukagua miguu ya mgonjwa, hupima damu yake na kuamua dawa. Mfamasia naye huona mambo mengine: dawa zilizoandikwa na waganga wengine, dawa zisizopatana, na miezi ambayo mgonjwa hakuja kuchukua vidonge.

Tuchukue mfano. Sukari ya mgonjwa haishuki, na muuguzi anakusudia kuongeza glibenklamidi. Daftari la mfamasia laonyesha kuwa mgonjwa amechukua nusu tu ya dawa zake. Dozi ikiongezwa, naye akaanza kuimeza yote, sukari yaweza kushuka mno, akazimia, hata akafa. Kwa hiyo yafaa kwanza kutafuta kilichomzuia kuimeza. Kadhalika metfomini hukatazwa figo zikidhoofika sana; lakini kipimo cha figo kikibaki kwa muuguzi, mfamasia ataendelea kuitoa.

Katika mji wa Asheville, jimbo la North Carolina, katika miaka ya 1990, waajiri waliwalipa wafamasia wakutane mara kwa mara na wafanyakazi wenye kisukari, na kuwapunguzia wagonjwa hao gharama za dawa. Taarifa ya mwaka 2003 ilieleza kuwa katika kila kipindi cha kupima, zaidi ya nusu yao walipata nafuu katika kipimo cha sukari.

Mwanachama mwenye kisukari na achukue dawa zake zote na kadi yake kila aendapo kwa muuguzi au mfamasia, wala asijibadilishie dozi mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini dozi isiongezwe kabla ya kujua kama dawa humezwa?
2. Ni habari gani muuguzi na mfamasia wapaswa kupeana?
3. Chama chetu chaweza kumsaidiaje mwanachama asiyemudu bei ya dawa?