Nikaze klempu kiasi gani?

SWALI: Nimenunua seti ya kuundia upinde wa tabaka za mbao na fibaglasi. Fundi seremala ananishauri nikaze klempu kwa nguvu zote ili gundi ishike. Ni sawa?

JIBU: Huo ni ushauri wa gundi nyeupe ya mbao, inayopenda kubanwa. Epoksi hutaka kubaki utando mwembamba kati ya tabaka. Ukikaza kupita kiasi inachuruzika pembeni na kiungo kinabaki kikavu. Utasema, nikilegeza tabaka si zitateleza? Zitateleza kweli, maana epoksi mbichi ni utelezi mtupu. Ndiyo maana unaanza kubana katikati, pa kushikia, ukielekea nchani. Usiguse kwa vidole vitupu fibaglasi iliyokwisha safishwa, jasho huzuia gundi.

Itakapokauka, mkono mmoja wa upinde ukiwa mgumu kuliko mwenzake, piga msasa ubavuni, usiguse mgongo. Unaona ni kazi ya polepole? Afadhali iwe hivyo: ukipunguza upana kwa asilimia 10, ugumu hupungua kwa 10, lakini unene ukipungua kwa 10, ugumu huanguka kwa takriban 27, na fibaglasi inayobeba mzigo umeshaila.