Mume Akirudi Nyumbani Bila Kazi na Bila Maneno

Kuna ugomvi wa maneno na kuna ugomvi wa kimya. Ule wa maneno majirani huusikia, wazee huitwa, na mara nyingi huisha. Ule wa kimya hauna shahidi. Sima hupikwa, huliwa, watoto hulala, na mume na mke hulala wamepeana migongo, kila mmoja akijiuliza amemkosea nini mwenzake. Katika makala haya tutazungumzia kimya cha namna moja tu, kile kinachoingia nyumbani pamoja na mume ambaye kazi yake imesimama.

Hebu tuchukue mfano wa Kakuyuni, upande wa bara wa mji wa Malindi. Wengi huko ni wakulima wa mahindi, minazi, mikorosho na miembe. Lakini ziko nyumba nyingi zinazoutegemea mji, kwa kuwa baba ni mpishi, mhudumu wa meza, mtunza bustani au mlinzi katika hoteli za ufuoni. Kazi hizo zina majira yake. Kaskazi inapovuma, wageni huja, hasa Waitaliano, na mshahara na bakshishi huonekana. Kusi ikiingia, mwezi wa Aprili au Mei, bahari huchafuka, mwani hujaa ufuoni, mvua kubwa hunyesha, na hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu. Vibarua huambiwa wangoje kuitwa, mara nyingi hadi Julai au Agosti.

Hayo ni ya kila mwaka. Iko pia miaka migumu zaidi. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Machi 25 hadi Agosti 1, na tangu Aprili 8 kaunti ya Kilifi ilifungwa, watu wasiingie wala wasitoke, kwa muda wa miezi miwili hivi. Mume aliyerudi shambani majira hayo hakuambiwa angoje hadi lini. Hakuwepo mtu wa kumwambia.

Sasa tuseme mume huyo amerudi. Juma la kwanza yuko mchangamfu, anaezeka makuti yaliyochakaa, anawatembelea wazee. Juma la pili anaonekana zaidi chini ya mwembe na simu yake. Juma la tatu ukimuuliza hali hujibu, "Salama," basi. Jioni huenda mangweni na kurudi usiku. Si lazima awe amelewa; huko hupendwa kwa sababu hakuna anayemuuliza habari za karo. Mke naye, aliyetoka kulima tangu alfajiri, huanza kufikiri. Labda ameacha mwanamke mjini. Labda ananidharau mimi mtu wa jembe. Siku moja uchungu humtoka: "Kwani pesa yote ya msimu uliipeleka wapi?" Swali hilo moja hufunga mlango uliokuwa umebaki wazi kidogo. Wahenga hawakukosea waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Je, ndani ya moyo wa mume huyo kuna nini? Mke hudhani ni hasira au dharau. Mara nyingi ni aibu. Aibu ni hisia ngumu kuitambua kwa mwenzako, kwa sababu haipendi kuonekana. Huvaa nguo za hisia nyingine. Hujifanya ukali, hujifanya usingizi, hujifanya kutojali. Mwanamume aliyelelewa akiambiwa kwamba baba ni yule aletaye, siku asipoleta huhisi hana haki hata ya kusema nyumbani mwake. Kwa hiyo hunyamaza. Mke huliona tendo la kunyamaza, wala haoni sababu yake.

Jambo hili si la Pwani peke yake. Karibu na mji wa Vienna, nchini Austria, kuna kijiji kiitwacho Marienthal kilichotegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilifungwa kati ya mwaka 1929 na 1930. Mwishoni mwa 1931 watafiti, akiwamo mama Marie Jahoda, walikwenda kuwachunguza watu wake, na mwaka 1933 wakachapisha kitabu. Mtu angedhani kwamba wasio na kazi, wakiwa na muda wote huo, wangesoma zaidi na kukutana zaidi. Ilikuwa kinyume. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua. Watafiti walisimama kando ya barabara kuu na saa, wakaona wanaume wanatembea polepole na kusimamasimama, ilhali wanawake walipita haraka, kwa maana kazi za nyumba hazikuwa zimefungwa. Walipoulizwa wamefanya nini tangu asubuhi, wanaume wengi hawakuwa na la kusimulia.

Jahoda alieleza baadaye kwamba kazi humpa mtu mengi zaidi ya mshahara. Humgawia siku yake, humkutanisha na wenzake, humfanya ajione ana faida na ana jina. Mshahara ukikatika, hayo nayo hukatika siku ile ile. Pale Kakuyuni ajabu ni kwamba hoteli hufungwa wakati shamba lina kazi nyingi kuliko miezi yote, kwa sababu ya mvua hiyo hiyo inayofukuza wageni. Mke analemewa na palizi, na hatua hamsini tu kutoka hapo mume anazama kwa kukosa la kufanya. Mbona asishike jembe? Wapo wanaoshika, na mara nyingi hali zao huwa nafuu. Asiyeshika huona kwamba shamba ni la mama watoto, na kuingia kama msaidizi ni kukiri kwamba ameshindwa mjini. Hapa mke ana neno la kusema, lakini lisiwe, "Njoo unisaidie, hata hivyo huna kazi." Afadhali aseme, "Sehemu ile ya mtoni imenishinda; wewe waionaje?" Kumuuliza mtu shauri ni kumrudishia kiti chake.

Lakini mke nawe usidhani kwamba anayenyamaza ametulia. Mtafiti wa Marekani John Gottman alitumia miaka mingi kuwarekodi wanandoa wakizungumza mambo yanayowatatiza, huku mapigo ya mioyo yao yakipimwa. Aliona kwamba yule anayegeuka ukuta, na mara nyingi zaidi ni mume, moyo wake huwa unakwenda mbio. Mtu wa namna hiyo hasikii vizuri tena, hata ukiongeza sauti. Ushauri wake ni kuachana kwa muda, dakika 20 au zaidi, kisha kurudi. Neno la maana hapo ni kurudi. Mume akisema, "Nipe nafasi, tutaongea baada ya kula," na baada ya kula akaenda mangweni, ameongeza deni.

Na tukitaja deni, kuna simu. Zamani aliyetaka kukopa alikwenda dukani au kwa ndugu, na habari ilimfikia mke kabla ya jua kutua. Tangu M-Shwari ianze mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019, mtu aweza kukopa akiwa kitandani, mkewe ubavuni, asijue. Mume mwenye aibu huona hapo njia ya kuokoa heshima. Hukopa kidogo, huleta unga na sukari, na nyumba huamini bado anajiweza. M-Shwari ilipoanza ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, yaani shilingi 150 kwa kila 2,000, na aliyechelewa alitozwa tena. Fuliza nayo hujilipa, kwani pesa inayoingia kwenye laini hukatwa kwanza. Basi shemeji anatuma shilingi 1,500 za karo kupitia simu ya mume, na zikifika hazipo. Hapo siri imetoka kwa njia mbaya kuliko zote. Mke angevumilia deni. Linalomuuma ni kwamba alidanganywa mwezi mzima kwa unga wa mkopo.

Mume msomaji, kama uko katika hali hiyo, sema kabla simu haijasema. Huhitaji hotuba. "Mama watoto, nina deni la shilingi elfu nne, na ninaona aibu." Maneno hayo ni mazito kuyatoa, lakini yakishatoka mke hujua anapambana na nini. Na wewe mama, ukiambiwa hivyo, usiku huo usifanye hesabu. Hesabu ni ya kesho, mchana, kwenye kalamu na karatasi. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016, Amoris Laetitia, aliwaasa wanafamilia wasimalize siku bila kupatana, akaongeza kwamba kupatana huko hakuhitaji makubwa. Mguso mdogo wa upole watosha, hata bila neno. Wengi husahau sehemu hiyo ya pili, wakakesha wakibishana kwa jina la amani.

Haya yote yanamhusu pia mke aliyeajiriwa hotelini naye amerudishwa, ingawa kazi za nyumba huwa hazimwachi akae chini ya mwembe. Tena tusieleweke vibaya: aibu hueleza kimya, haihalalishi kipigo wala kunywa karo ya watoto. Na kama kwa majuma mawili au zaidi mwenzako hapati usingizi, hali vizuri, hapendezwi na lolote, au anatamka kwamba heri asingekuwepo, hiyo yaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali bila kungoja msimu ufunguke.

Wakati mzuri wa kuzungumza habari za Mei ni Januari, bakshishi zikiwa bado zinaingia na hakuna mwenye aibu. Ketini wawili, simu zikiwa mbali, mjiulize: Kazi ikisimama, ni nani kati yetu hunyamaza, na mwenzake hudhani nini? Lipo deni ambalo mmoja wetu halijui? Na mwaka huu, baba akirudi, shamba lipi au kazi ipi itakuwa mikononi mwake tangu juma la kwanza?