Kupima Nguvu za Miguu kwa Mashine ya Kutembelea

Mgonjwa wa kiharusi anapoanza kutembea tena, jamaa zake hufurahi kuona kasi yake ikiongezeka. Furaha hiyo ni ya haki, lakini kasi peke yake haielezi ni mguu upi unaofanya kazi. Yawezekana mguu mzima ndio unaousukuma mwili wote, huku ule ulioathirika ukifuata tu. Jicho la mtaalamu hutambua kuchechemea. Nguvu haionekani kwa macho.

Nguvu hiyo hupimwa kwa mashine ya kutembelea ambayo chini ya mkanda wake kumewekwa mabamba yenye vihisio. Mguu unapokanyaga, bamba huurudishia nguvu iliyo sawa na yenye mwelekeo wa kinyume, na kompyuta huichora kama grafu. Mashine inayofaa zaidi kwa kiharusi huwa na mikanda miwili, mmoja kwa kila mguu, ili nguvu za kulia na za kushoto zisichanganyike miguu yote miwili inapokuwa chini.

Kwa mtu mwenye afya, grafu ya nguvu ya wima huwa na vilima viwili vyenye bonde katikati: kilima hufikia takribani asilimia 110 ya uzito wa mwili, na bonde hushuka karibu na asilimia 80. Kwa aliyepooza upande mmoja, umbo hilo mara nyingi hufifia. Hata hivyo, mstari unaostahili kuangaliwa zaidi ni ule wa mbele na nyuma. Mguu unapotua kwanza hufunga breki, kisha husukuma. Katika mwendo wenye afya kila mguu huchangia karibu nusu ya msukumo wote. Mguu dhaifu ukichangia kidogo mno, kumhimiza mgonjwa aongeze kasi tu hakutoshi. Mazoezi yalenge misuli ya shavu la mguu huo, na kuuzoesha kubaki nyuma ya mwili kabla ya kuinuka.

Kipimo hiki huharibika kwa urahisi. Mgonjwa akiegemea reli, sehemu ya uzito wake hupitia mikononi, na mabamba hayaipati. Mwenye hofu ya kuanguka avishwe mshipi wa usalama ulioning'inizwa juu, usiombeba uzito, na apewe dakika kadhaa za kuzoea kabla ya kupimwa. Hatua iliyokanyaga mkanda usio wake hutupwa. Si hasara kubwa, kwani dakika moja huleta makumi ya hatua.

Mashine hizi ni ghali, na hospitali nyingi hazinazo. Palipo na saa na sakafu iliyopimwa mita 10, kasi hupatikana. Mizani mbili za kawaida zilizowekwa sambamba huonyesha mgonjwa aliyesimama anaelemea mguu upi, ingawa hazisemi lolote kuhusu msukumo anapotembea.