Triathloni Fupi kwa Mtu wa Kakamega: Anza na Maji

Mtu wa hapa Kakamega akiniambia anataka kujaribu triathloni, simwulizi anakimbiaje. Kukimbia tunakujua. Tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ng'ambo ya Msitu wa Kakamega, upande wa Nandi, ndiko wanakotoka wakimbiaji wanaojulikana dunia nzima. Baiskeli nayo tumekua nayo: nani kati yetu hajabebwa nyuma ya black mamba, au hajaisukuma ikiwa na gunia la mahindi kupanda kilima? Swali langu ni moja tu: ukiingia majini, unaweza kutulia?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto. Nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima, nikafanya mazoezi hapa hapa mjini, nikashiriki mashindano madogo yaliyoandaliwa na wapenda michezo wa hapa. Nilimaliza nikiwa na nguvu ya kutabasamu. Haya ninayoyaeleza ndiyo yaliyonifikisha, na ninaamini yanaweza kumfikisha mtu yeyote mwenye afya anayejua kuvumilia.

Kwanza, umbali. Triathloni fupi ya kawaida ni kuogelea mita 750, kuendesha baiskeli kilomita 20 na kukimbia kilomita 5, mfululizo, saa ikiendelea kuhesabu. Ni nusu ya ile ya Olimpiki, ambayo ni mita 1,500, kilomita 40 na kilomita 10, na iliyoingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Usiidharau kwa kuwa ni nusu. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, mabingwa wenyewe walishindania umbali huo mfupi. Sisi tuliogelea kwenye bwawa la hoteli, hivyo waandaaji walipunguza sehemu ya maji hadi mita 400. Kwa anayeanza, hilo ni jambo la busara kabisa.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapokata tamaa.

Kijana aliyenifundisha ni mwokozi wa bwawani. Siku ya kwanza nilifika na kofia na miwani, tayari kwa kazi, naye akaniambia, "Mwalimu, leo hatuogelei. Leo unapumua tu." Nikashika ukingo wa bwawa, nikazamisha uso, nikatoa hewa polepole kwa pua na mdomo mpaka mapovu yakaisha, nikageuza kichwa pembeni, nikavuta hewa, nikarudi chini. Tena na tena, saa nzima. Nilipomwuliza kwa nini, alinieleza jambo ambalo bado nawaambia wengine: ile hofu inayokukaba kifuani majini mara nyingi haitokani na kukosa hewa safi. Inatokana na hewa chafu uliyoizuia ndani. Mwili ukijaa kaboni dioksaidi unapiga kelele kutaka kupumua, na wewe unadhani unazama. Ukiitoa hewa yote ukiwa chini, kichwa kinapogeuka mapafu hujaa yenyewe bila papara.

Baada ya pumzi ni mwili kulala sawa. Sisi tuliozoea kukimbia miguu yetu huzama, na tunapoinua kichwa kuangalia mbele ndiyo inazama zaidi. Angalia sakafu ya bwawa. Sukuma kifua chini kidogo, utaona makalio yakipanda yenyewe. Piga miguu kutoka nyongani, goti likiwa limelegea, na usiipige kwa fujo, kwa sababu miguu hiyo hiyo inasubiriwa na baiskeli na mbio. Mikono ndiyo ifanye kazi.

Kuhusu umbali, mabwawa ya hoteli hayalingani urefu, kwa hiyo pima lako kwanza ujue mizunguko mingapi inafanya mita 400. Usijaribu kuzimaliza siku moja. Ogelea urefu mmoja, simama, pumua mpaka moyo utulie, rudi. Wiki baada ya wiki punguza ule muda wa kusimama mpaka uishe wenyewe. Na ujue sheria, maana inatoa amani kubwa: katika triathloni unaruhusiwa kuogelea kwa mtindo wowote. Ukichoka, geuka chali. Unaruhusiwa hata kushika kamba au boya ukapumzika, mradi usilitumie kujivuta mbele.

Neno kwa akina mama wenzangu, kwa sababu niliulizwa hili zaidi ya swali lolote lingine: nywele. Kofia ya kawaida ya kuogelea haiingii juu ya rasta nene. Suka mistari midogo inayolala kichwani, au tafuta kofia kubwa iliyotengenezewa nywele nyingi. Lowesha nywele kwa maji safi na upake mafuta kabla ya kuingia, dawa ya bwawa haitazikausha sana. Na kama hutaki kuvaa vazi fupi, yapo mavazi ya kuogelea yenye mikono na miguu mirefu. Langu lilifika magotini na hakuna aliyenizuia.

Wapo watakaosema bwawa ni ghali, twende mtoni au tushuke Kisumu ziwani. Nawasihi msifanye hivyo. Ziwa Victoria lina kichocho: vijidudu hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi bila wewe kuhisi. Kama ulishaingia, nenda ukapimwe, dawa ipo. Mto Isiukhu ukijaa baada ya mvua hauna huruma, na mashimo ya wachimba dhahabu yanayojaa maji hayafai hata kusogelewa. Maji machafu si jambo dogo popote. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, triathloni ya wanaume iliahirishwa kutoka tarehe 30 hadi 31 Julai kwa sababu mvua ilikuwa imeuchafua mto Seine. Kama wao walisubiri, na wewe subiri.

Kisha baiskeli. Huhitaji ya bei ya gari. Yangu ni ya mtumba, ya gia, na fundi wa sokoni aliisafisha cheni, akabadilisha mipira ya breki na kuziba nyufa za tairi kwa kuninunulia tairi jipya kabisa, kwa sababu, alivyosema, "hii mama, haizibiki." Kitu ambacho wengi hawakijali ni kiti. Kaa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa; mguu uwe umenyooka. Ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo lilipo salama. Kiti kikiwa chini sana utamaliza kilomita 20 ukiwa na magoti yanayouma, na bado hujaanza kukimbia.

Fanya mazoezi asubuhi. Kila mtu wa hapa anajua mchana Kakamega ni wa mvua, na mvua yetu huja na radi. Ukisikia ngurumo, toka bwawani, shuka kwenye baiskeli, jifiche ndani ya nyumba. Barabara ya Mumias niliiepuka wakati wa kuvuna miwa, kwa sababu trela za matrekta huyumba na kumwaga miwa kwenye lami. Barabara ya Kisumu ni nzuri zaidi lakini ina matatu zenye haraka, basi toka kukipambazuka, vaa kizibao kinachong'aa, kaa kushoto, na usisikilize muziki masikioni.

Siku yetu ya mashindano ilikuwa Jumapili, tukaifuata barabara hiyo ya Kisumu kuelekea upande wa Khayega na kurudi. Nakumbuka vyungu vya Ilesi vimepangwa kando ya barabara na umande ukiwa bado juu yake, na waumini wa Dini ya Roho waliovaa kanzu nyeupe wakienda ibadani na ngoma zao. Mmoja wao, mzee, alipunga bendera na kuniambia, "Mulembe, mama, songa!" Nilisonga. Barabara ile ni ya kupanda na kushuka, na funzo lake ni kwamba kwenye mlima shusha gia mapema kabla miguu haijakaza, na kwenye mteremko usiache kukanyaga kabisa. Miguu iliyosimama hupoa, na ikishapoa inachelewa kuamka.

Katikati ya sehemu hizi tatu kuna jambo lisilofanyiwa mazoezi na wengi: kubadilisha. Saa haisimami unapovua na kuvaa. Tandaza taulo kando ya baiskeli yako, panga vitu kwa utaratibu wa kuvitumia: kofia ngumu imefunguliwa na mikanda ikining'inia nje, viatu vikiwa vimefunguka, soksi zimekunjwa nusu ili mguu wenye maji uingie, namba yako kwenye mkanda. Mimi niliondoa kamba za viatu nikaweka lastiki, ile ile ya fundi cherehani, nikaifunga fundo moja. Mguu unaingia, unakwenda. Kumbuka sheria moja inayoadhibiwa sana: kofia ngumu inafungwa kabla hujaigusa baiskeli, na haifunguliwi mpaka umeirudisha mahali pake. Na baiskeli inasukumwa hadi uvuke mstari wa kupandia ndipo uipande. Rudia haya nyumbani uani mpaka watoto wakuchoke.

Mbio zenyewe, kwa mtu wa hapa, hazihitaji maneno mengi. Kitu kimoja tu kitakushangaza: ukishuka kwenye baiskeli, miguu inahisi kama si yako. Ilikuwa ikizunguka, sasa inatakiwa kupiga chini. Dawa yake ni mara moja kwa wiki kushuka kwenye baiskeli na kukimbia papo hapo, dakika kumi zinatosha. Siku ya mashindano anza kwa hatua fupi za haraka, mwili utakumbuka. Na bakiza kitu. Kule Paris, Alex Yee wa Uingereza alikuwa nyuma ya Hayden Wilde wa New Zealand kwa sehemu kubwa ya mbio za mwisho, akampita zikiwa zimebaki mita mia chache tu, akachukua dhahabu. Sisi hatukimbilii dhahabu, lakini kanuni ni ile ile.

Chakula, usibuni. Usiku wa kuamkia siku ya mashindano nilikula ugali na kuku, nikaacha maharagwe na mboga nyingi. Asubuhi, saa mbili hivi kabla ya kuanza, uji wa wimbi na ndizi mbivu. Maji kidogo kidogo. Kama hujawahi kula kitu fulani kabla ya mazoezi, usikile siku hiyo.

Kwa ratiba, nilijipa kama miezi mitatu: maji mara mbili kwa wiki, baiskeli mara mbili, mbio mara mbili, na siku moja ya kupumzika kabisa. Nilikuwa naingia bwawani Jumamosi na jioni moja ya wiki mvua isiponyesha. Kwa anayefanya kazi na kulea, hiyo inawezekana, lakini nyumbani wajue unachokifanya. Mume wangu alichukua zamu ya uji wa watoto siku zangu za alfajiri, na bila hilo nisingefika popote. Kama una presha, sukari au tatizo la moyo, mwone daktari kwanza.

Ninalo ombi moja, na ninalitoa kwa uzito wote. Watoto wetu wanazama mitoni kila mwaka kwa sababu hakuna aliyewafundisha pumzi. Triathloni ilinifunza mimi nikiwa mkubwa. Mtoto wa miaka saba angejifunza haraka zaidi. Kaunti itujengee mabwawa ya umma ambayo mtoto wa Amalemba au wa Shinyalu anaweza kuingia bila mzazi kuuza kuku. Na walimu wenzangu, wakati tukisubiri, tuzungumze na hoteli zenye mabwawa, tuombe hata saa moja ya Jumamosi asubuhi kwa ajili ya wanafunzi, tukiwa na mwokozi kando. Shuleni kwangu nimeshaanza kulizungumzia jambo hili. Anza na yako.