Siafu: Mama Mmoja na Watoto Wasiohesabika

Kila mtu wa Shabunda awajua siafu. Hakuna kijiji katika msitu wetu ambacho hawajapata kupita, wala kambi ya wachimbaji kando ya mto Ulindi. Mtu mzima akiumwa hukimbia, avua nguo, kisha watu wacheka. Lakini mtoto mchanga hawezi kukimbia, wala mbuzi aliyefungwa kamba, wala kuku aliyefungiwa bandani. Kwa hiyo yafaa tujue desturi zao: namna wanavyokaa pamoja na namna wanavyosafiri. Mwenye kujua mambo hayo atajua afanye nini siku watakapofika mlangoni kwake.

Kwanza msiwachanganye siafu na mchwa. Mchwa ni mdudu mweupe wa mwili laini, hula miti na majani makavu, na ndani ya kichuguu chake hukaa mfalme na malkia pamoja. Kumbikumbi tunaowala wakati wa mvua ni mchwa wenye mabawa. Ndugu wa karibu wa mchwa ni mende. Siafu ni wa jamii ya chungu na sisimizi, na chakula chao ni nyama.

Wote mnaowaona wakipita njiani ni majike, watoto wa mama mmoja. Hawalingani kwa ukubwa. Wadogo wana urefu wa milimeta 3 hivi. Askari wenye vichwa vikubwa na meno kama mundu hupita milimeta 10. Mjue tena jambo la ajabu: hakuna hata mmoja kati yao mwenye macho. Wote ni vipofu tangu kuzaliwa. Huongozwa na harufu. Kila anayepita huacha harufu yake chini, na anayefuata huijua njia kwa hiyo.

Mama yao haonekani, maana hukaa chini ya ardhi. Yeye naye hana macho, hana mabawa, na urefu wake waweza kufika sentimeta 5. Mwaka 1955 wataalamu wawili, Raignier na van Boven, walitoa kitabu kikubwa juu ya siafu wa Kongo. Walikadiria kwamba mama wa siafu wa msituni aweza kutaga mayai milioni 3 au 4 kwa mwezi mmoja. Hakuna chungu mwingine ajulikanaye kwa uzazi kama huo.

Watu wengi hudhani mama huyo ni kama chifu, akaaye kitini na kutoa amri. Sivyo. Kazi yake ni kutaga tu. Kundi likienda kuwinda, hata kiongozi wa mbele hakuna: walio mbele huenda hatua chache, hutia harufu, hurudi nyuma, na wengine huwapita. Hivyo kundi lote husonga kama maji yanayotafuta njia.

Na baba yao je? Bila shaka mmemwona, ila hamkumjua. Ni yule mdudu mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye mabawa na tumbo refu kama kidole, ajaye usiku kuizunguka taa. Hana madhara. Siafu wa kundi jingine wakimkuta, humng'oa mabawa na kumpeleka ndani kwa mama kijana.

Sasa sikilizeni habari ya safari, maana ziko mbili, na watu huzichanganya. Safari ya kwanza ni ya kuhama. Siafu wakikaa mahali juma kadhaa, pengine miezi mitatu, wanyama wadogo wa pale hupungua, nao hutafuta makao mengine. Mtaona mstari mwembamba unaopita saa nyingi, mchana na usiku, hata siku mbili au tatu. Tazameni vizuri: wengi wamebeba watoto weupe chini ya matumbo yao, na askari wamesimama kando wameinua meno. Hawa hawatafuti nyumba yako. Ruka mstari, uende shambani.

Safari ya pili ni ya kuwinda. Hapo siafu hawaji kwa mstari. Huja wametanda kama mkeka. Mbele yao panzi huruka, nyenje na buibui hukimbia, mende hutoka katika majani ya dari, na ndege wa msituni hufuata ili wale wanaokimbia. Mkiona dalili hizo, msingoje kuwaona siafu wenyewe. Mchukueni mtoto kwanza, hata kama amelala vizuri. Kisha fungueni kuku, kateni kamba ya mbuzi. Mgonjwa asiyeweza kutembea abebwe. Vyombo viacheni, siafu hawali sufuria.

Mama anayelima asimlaze mtoto chini peke yake pembeni mwa shamba, hasa baada ya mvua. Na katika vibanda vya shiti huko machimboni, ambako baba yu shimoni na mama yu mtoni, asiachwe mtoto mchanga bila mtu mkubwa kidogo wa kumbeba. Kitanda chake kisigusane na ukuta, na kila mguu usimame katika kopo la maji yenye mafuta kidogo juu.

Mkishatoka, waacheni. Baada ya saa chache watakwenda zao, nanyi mtakuta nyumba safi: mende hakuna, na watoto wa panya wameliwa. Shambani vilevile hula wadudu wengi wanaokula mimea yetu. Mimi naona faida hiyo si ndogo kwa mtu anayeweka mpunga ndani.

Wako watu wanaowachoma kwa mafuta ya taa. Nyumba ya majani huungua upesi kuliko siafu. Ukitaka kugeuza njia yao, mwaga majivu ya moto juu yake: harufu itakatika, nao watahangaika na kutafuta upande mwingine. Na kuchimba shimo lao ili kumwua mama ni kazi bure. Siafu wenyewe hawawezi kumpata mama mwingine upesi. Lakini katika Kenya, karibu na mlima Kenya, wataalamu waliwaondolea siafu mama yao, wakaona wale yatima wakijiunga na kundi la jirani. Basi ukimwua mama wa kundi hili, huenda umewaongeza wa kundi lile.

Mwenye nyuki ana haki ya kulalamika, maana siafu wakipanda mtini huweza kuumaliza mzinga mzima. Mzinga utundikwe kwa waya uliopakwa grisi, usiguse tawi wala jani.

Banda la kuku nalo lisifungwe usiku kwa msumari wala kwa fundo gumu. Liwe na mlango ambao hata mtoto wa miaka saba aweza kuufungua gizani.