Tumbaku: Visiki vya Mwaka Jana na Haraka ya Kukausha

Mkulima, tumbaku ya Usambara ilikuwa na sifa tangu zamani. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Vuga mwaka 1857, aliandika ya kuwa watu wa Unguja waliihesabu kuwa bora. Ilikandwa iwe vipande vidogo vya mviringo, ikafungwa katika majani ya mgomba. Basi nchi yafaa. Yanayoharibu tumbaku ni visiki na haraka.

Ukisha kuchuma jani la mwisho, ng'oa kila shina pamoja na mizizi yake, ulichome moto. Shina lililoachwa huchipuka, na machipukizi hayo huhifadhi ugonjwa wa kukunjamana majani. Katika miaka ya 1930 Bwana H. H. Storey, mtaalamu wa Stesheni ya Amani, alionyesha ya kuwa ugonjwa huo huchukuliwa na nzi weupe, wadogo mno, wakaao chini ya jani. Nzi hajui mpaka wa shamba. Kwa hiyo sema na jirani yako, naye ang'oe visiki vyake. Mche ukisha ambukizwa hauna dawa.

Chuma kwanza majani ya chini, yaliyoanza kuwa na mabaka ya manjano. Usichume yenye umande: sumu ya tumbaku hupenya ngozi pamoja na maji, na mchumaji hushikwa na kizunguzungu, akatapika. Watoto wasitumwe kazi hii hata kidogo.

Wengi huanika jani bichi juani. Hukauka upesi, lakini hubaki na rangi ya kijani, na moshi wake huwa mkali. Sababu ni hii: jani lililochumwa lingali hai siku kadhaa, nalo hugeuza wanga wake kuwa sukari na kupoteza ukijani. Jua kali huliua kabla halijamaliza kazi hiyo. Yatunge majani kambani, uyatundike bandani kivulini, yakaribiane mpaka yawe manjano. Kisha yatenganishe, upepo upite. Hewa ya pwani ina unyevu, hasa wakati wa masika. Siku ya mvua funga mlango, siku ya jua fungua. Banda likinuka uvundo, ukungu umekwisha ingia. Jani limekauka pale mshipa wake mkubwa unapovunjika kwa mlio.

Yashushe asubuhi, yamelainika kwa hewa ya usiku, yasipukutike. Wako wanaonyunyiza maji ili mzigo uwe mzito mizanini. Mnunuzi hutia mkono katikati ya mtumba. Akikuta joto na ukungu huukataa wote, na kazi ya miezi mingi imepotea kwa ratili mbili za maji.